Idadi Kubwa Isiyo na Kazi, na Ndogo Inayotafutwa

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, chimbuko lake likiwa kama kilomita 40 chini ya ardhi. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia walijeruhiwa, maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa kwa muda. Tetemeko hilohilo lilisikika Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya. Ukiuliza basi liliwafikia watu wangapi, unaweza kujibiwa kwa mamilioni, kwa malaki au kwa makumi ya elfu, na anayekujibu asiwe amesema uongo hata mara moja. Inategemea anamhesabu nani: yule wa ng'ambo ya mpaka aliyeona maji yakicheza kwenye glasi, au yule wa Bukoba aliyeangukiwa na ukuta wa nyumba yake.

Hoja yangu ni kwamba kati ya majibu hayo, lile linalopendwa na vichwa vya habari, la mamilioni, ndilo rahisi kulipata kwa usahihi na ndilo lisilomsaidia mtu yeyote. Jibu lenye kazi ni la wale wachache waliotikiswa kwa nguvu ya kubomoa, na hilo ndilo linaloyumba kuliko yote. Linayumba kwa sababu mbili: hatujui barabara ardhi ilitikisika kiasi gani mahali fulani, na hatujui barabara ni nani alikuwa mahali hapo. Ya kwanza ni ya vyombo vya kupimia na itachukua miaka mingi na fedha nyingi. Ya pili ni ya kuhesabu watu, na kwa Tanzania sehemu kubwa ya kazi hiyo imekwisha kufanyika, ila matokeo yake yamekaa makabatini kwa shughuli nyingine.

Kwanza tuone hesabu yenyewe inavyofanywa. Mfumo maarufu kuliko yote ni PAGER wa Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, ambao kwa kawaida hutoa makadirio yake ya kwanza ndani ya nusu saa hivi baada ya tetemeko kubwa popote duniani. Mfumo huo huweka ramani moja juu ya nyingine. Ya chini ni ramani ya watu: dunia nzima imegawanywa katika miraba yenye upande wa karibu kilomita moja, na kila mraba umepewa idadi ya watu. Ya juu ni ramani ya mtikisiko, inayoonyesha kila mraba ulitikiswa kwa ukali gani. Kompyuta hujumlisha watu wa miraba yenye ukali unaolingana, na jedwali linatoka: kwa ukali wa daraja la nne watu kadhaa, daraja la tano kadhaa, la sita, la saba, kuendelea juu. Kutoka kwenye jedwali hilo mfumo hukisia vifo na hasara, kisha hutoa rangi ya tahadhari: kijani pasipotarajiwa vifo, njano, machungwa vifo vinapokadiriwa kuanzia mia moja, na nyekundu kuanzia elfu moja.

Msomaji asichanganye ukubwa na ukali. Ukubwa ni mmoja kwa tetemeko zima. Ndiyo ile 5.9 ya Kagera, na ni kipimo cha kile kilichotokea kule chini kwenye mwamba. Ukali ni wa mahali, na tetemeko moja huwa na ukali tofauti Bukoba, Mwanza na Kigali. Madaraja yake yanatokana na kazi ya padri wa Kiitaliano Giuseppe Mercalli, iliyorekebishwa Marekani mwaka 1931, na huandikwa kuanzia la kwanza hadi la kumi na mbili. Katika daraja la nne vyombo hugongana kabatini na walio ndani ya nyumba wengi hutambua. La tano huamsha waliolala. Katika la sita kila mtu anasikia, lipu inadondoka, na watu hukimbilia nje. Kuanzia la saba ndipo nyumba zilizojengwa vibaya huharibika sana, na la nane huziangusha. Kwa mwanasiasa madaraja yote haya ni "walioathirika". Kwa daktari wa zamu katika hospitali ya mkoa, wa daraja la nne si wagonjwa wake hata kidogo.

Sasa chukua kalamu na karatasi. Kwa sensa ya 2012 Kagera ilikuwa na watu 2,458,023, wastani wa watu 97 kwa kila kilomita ya mraba ya nchi kavu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mtikisiko wa kubomoa umeenea kwa nusu kipenyo cha kilomita 20 kuzunguka kitovu. Hilo ni eneo la kilomita za mraba 1,257, yaani watu kama 122,000. Tuseme tumekosea kilomita kumi tu, mpaka halisi uko kwenye kilomita 30. Eneo linakuwa 2,827 na watu 274,000. Idadi imezidi maradufu kwa kosa la umbali ambao pikipiki huumaliza kwa dakika chache. Rudia kosa lilelile kwenye duara la nje, la wale waliosikia kidogo tu, tuseme kilomita 200. Kutoka 200 hadi 210 eneo huongezeka kwa asilimia kumi tu. Kosa moja, kwenye duara kubwa halionekani, kwenye duara dogo linageuza jibu zima. Ndiyo maana idadi ya mamilioni hutoka imara na yenye kujiamini, na ndiyo maana uimara wake haupaswi kumvutia mtu. Wala mfano wangu haujagusa bado jambo la wazi kwa mkazi wa Bukoba: sehemu ya duara hilo ni Ziwa Victoria, na kitovu kikisogezwa kilomita chache kuelekea mashariki, makumi ya elfu ya watu wa kwenye karatasi hugeuka maji.

Je, kosa la kilomita kumi, au la daraja zima la ukali, ni la kufikirika tu? Si la kufikirika. Pale ambapo vyombo vya kupimia vimejaa, kama Japani au California, mtikisiko hupimwa na ramani huchorwa kwa vipimo. Kwetu ramani huchorwa zaidi kwa kanuni za kihesabu: ukubwa fulani, kina fulani, umbali fulani, basi ardhi ingetarajiwa kutikisika hivi. Vituo vya kudumu vya mtandao wa kimataifa vilivyo jirani ni vichache, kama kile cha Mbarara, Uganda, na cha Kilima Mbogo, Kenya. Vituo hivyo vinatosha kukuambia kwamba tetemeko limetokea, wapi na la ukubwa gani, lakini havikuambii kilichotokea katika kata fulani ya wilaya ya Missenyi, Kagera. Kanuni zenyewe zina upana wake wa kukosea unaojulikana: mtikisiko halisi kuwa mara mbili ya uliotabiriwa, au nusu yake, ni jambo la kawaida. Na mtikisiko ukizidi mara mbili, ukali hupanda kwa takriban daraja moja. Ongeza udongo. Mashapo laini ya mabondeni na kando ya maziwa huukuza mtikisiko kuliko mwamba wa mlimani, na pasipo na vipimo vya udongo mifumo hii hukisia ulaini wake kwa kuangalia mteremko wa ardhi kutoka angani: pakiwa tambarare, pachukuliwe ni laini. Ni werevu, na kwa ramani ya dunia nzima unatosha. Kwa mji wa Bukoba, ambako kilima na bonde vimetenganishwa na mwendo wa miguu, mraba mmoja wa kilomita moja unaweza kuvimeza vyote viwili.

Hadi hapo wataalamu wa miamba wamebeba lawama peke yao, na mara nyingi mjadala huishia hapo. Lakini ramani ile ya chini, ya watu, nayo ni makadirio, ingawa huchapishwa kana kwamba ni hesabu. Hakuna aliyepita mraba kwa mraba akihesabu. Huanza jumla ya sensa ya eneo la utawala, kisha programu huigawa jumla hiyo kwa kufuata dalili: barabara, mteremko, aina ya uoto, taa zinazoonekana usiku, na siku hizi mapaa yanayotambuliwa na kompyuta kwenye picha za setilaiti. Dalili hizo zilinolewa zaidi kwenye nchi zenye taa na lami. Mtu anayeijua Kagera ataona mara moja zinapokwama. Kijiji cha Kihaya hakijapangwa kandokando ya barabara. Nyumba zimo ndani ya vibanja, chini ya migomba, na kati ya kilima na kilima kuna rweya, nyasi tupu. Kutoka angani migomba huficha mapaa na usiku taa ni chache, ilhali rweya iliyo wazi inaweza kusomeka kama ardhi ya kawaida inayostahili mgawo wake wa watu. Jumla ya wilaya itabaki sawa, lakini watu watakuwa wamehamishwa kutoka kilimani, na kwa duara dogo ambalo kila kilima kina maana yake, kosa hilo si dogo.

Halafu kuna saa. Sensa ya Tanzania, kama zilivyo nyingi, huuliza mtu alilala wapi usiku wa kuamkia siku ya sensa. Kwa kupanga mgawo wa shule na zahanati swali hilo linafaa. Tetemeko halisubiri watu walale. Ramani ya LandScan, ambayo PAGER imekuwa ikiitumia na ambayo hutengenezwa na maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, hujaribu kulitatua hilo kwa kutoa wastani wa saa 24: sehemu ya mtu inawekwa nyumbani, sehemu shambani, sehemu njiani. Wastani ni mzuri mradi tukumbuke kwamba hakuna saa hata moja ya siku ambayo watu wako kwenye wastani. Tarehe 6 Februari 2023 kusini mwa Uturuki, saa kumi na dakika 17 alfajiri, karibu kila mtu alikuwa chini ya dari ya ghorofa lake, na waliokufa nchini humo walipita 50,000. Huko Kashmir tarehe 8 Oktoba 2005 ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya masomo, na maelfu ya waliokufa walikuwa wanafunzi madarasani. Tarehe 3 Februari 2008 magharibi mwa Rwanda na Kivu Kusini ilikuwa Jumapili asubuhi, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo waumini walioangukiwa na kanisa. Alasiri ya Jumamosi ile ya Kagera wengi walikuwa shambani, sokoni, njiani. Idadi ya watu waliokuwa chini ya paa ilikuwa tofauti sana na ambayo ingekuwa saa nane usiku, na jedwali la wastani wa saa 24 lisingeonyesha tofauti hiyo hata kama kila namba nyingine ingekuwa sahihi.

Tukivuka ziwa na milima kwenda Kongo, upande wa watu unakuwa mgumu zaidi. Sensa ya mwisho ya nchi hiyo ilifanyika mwaka 1984. Mkongomani aliye chini ya umri wa miaka 40 hajawahi kuhesabiwa katika sensa ya nchi yake. Kila idadi ya watu wa Bukavu, Goma, Uvira au Kalemie unayoisoma leo imejengwa kwa kukuza namba za zamani kwa asilimia ya ongezeko, au kwa kupima mapaa na kukisia wangapi wanalala chini ya kila paa, na kusahihisha kwa hesabu za kanda za afya. Na huku ndiko duara dogo linapoamua mambo. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la 6.8 lilitokea eneo la Ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie, likasikika mbali sana, hadi Nairobi. Vifo vilikuwa vichache. Lile la Februari 2008 upande wa Bukavu na Rusizi lilikuwa 5.9 tu, yaani nguvu iliyotolewa ilikuwa ndogo zaidi ya mara ishirini, na likaua watu wengi zaidi, kama arobaini. Tofauti haikuwa kwenye mamilioni waliosikia, maana kwa hesabu hiyo la 2005 lingekuwa mbele kwa mbali. Ilikuwa kwenye wale waliokuwa karibu mno, juu ya miteremko iliyojaa nyumba.

Goma inatupa somo jingine. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, mitetemo ikafuata mfululizo, na tarehe 27 mamlaka zikaamuru sehemu ya mji ihame. Watu wapatao 400,000 waliondoka, wengine Sake, wengine Minova na Bukavu, wengine wakavuka kwenda Rwanda. Ramani yoyote ya watu iliyokuwapo siku hiyo iliendelea kuwaweka watu hao vitandani mwao Goma. Kama tetemeko kubwa lingepiga juma lile, jedwali lingeandika mamia ya maelfu ya watu katika mitaa iliyo tupu, na lisingewaona kabisa kwenye makanisa na shule za Sake walikojazana. Tangu hapo vita vimehamisha watu kuzunguka mji huo mara kadhaa.

Sasa pingamizi. La kwanza, na ndilo zito kuliko yote, linasema hivi: idadi ya waliotikiswa haina maana kubwa, kinachoua ni nyumba. Ushahidi wake unajulikana. Haiti, tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la 7.0 liliua watu wengi kiasi kwamba hadi leo wanabishania kama ni malaki au makumi ya elfu. Chile, wiki sita na ushei baadaye, tetemeko la 8.8, lenye nguvu kama mara 500 zaidi, liliua watu kama 525. Basi tuache kuhesabu vichwa, tuhesabu matofali. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Ni kweli kwamba nyumba ya tofali la kuchoma lililoshikwa kwa tope na nyumba yenye nguzo na mkanda wa zege hazipaswi kuwekwa kapu moja. Lakini tazama kwa nini vifo vya Haiti vinabishaniwa. Serikali ilitaja zaidi ya 300,000. Watafiti waliokwenda nyumba kwa nyumba wakapata namba ndogo mno kuliko hiyo. Hakuna anayeweza kuamua kwa urahisi kwa sababu hakuna anayejua Port-au-Prince ilikuwa na watu wangapi jioni ile, na sensa ya mwisho ilikuwa ya 2003. Udhaifu wa nyumba ni uwiano: katika watu mia waliotikiswa kwa ukali huu, ndani ya nyumba za aina hii, hufa wangapi. Ukikosa ile mia huwezi kuupata uwiano wenyewe. Na kwa nchi zetu, ambazo matetemeko ya kuua yaliyoandikwa vizuri ni machache, mifumo ya dunia hulazimika kuazima uwiano kutoka nchi zinazodhaniwa kufanana nasi. Idadi ya waliotikiswa inabaki kuwa sehemu pekee ya hesabu ambayo tunaweza kuifanya kwa data yetu wenyewe.

La pili ni la vijana wa teknolojia: simu zimemaliza tatizo hili. Kila laini hugusa mnara, minara inajua watu wako wapi saa hii, sensa za nini tena? Haiti yenyewe ndiyo mfano wao, na ni mfano mzuri. Watafiti walifuatilia mwendo wa laini milioni 1.9 za kampuni moja ya simu na kukadiria kwamba watu wapatao 630,000 waliokuwa Port-au-Prince siku ya tetemeko walikuwa wameondoka siku kumi na tisa baadaye. Hakuna sensa inayoweza kufanya hivyo. Hata hivyo laini si mtu. Huku kwetu mmoja ana laini tatu kwa sababu ya vifurushi na fedha za simu, na bibi anayelea wajukuu wanne hana hata moja, na hao wajukuu pia hawana. Ili kugeuza laini kuwa watu unahitaji kujua katika kila eneo ni wangapi wenye simu na wangapi wasio nazo, na hilo linakurudisha kwenye sensa. Tena mnara wa kijijini huhudumia kilomita nyingi, kubwa kuliko duara dogo tunalolitafuta, na tetemeko likikata umeme mnara huzimika palepale pabaya zaidi; ukimya wake unaweza kusomeka kama watu hawapo. Simu ni nzuri kwa kuonyesha mabadiliko juu ya msingi uliopo, na msingi huo lazima uwe umehesabiwa kwa njia nyingine.

Pingamizi la tatu husikika zaidi kwa watu wa uokoaji: hakuna anayesubiri namba ili aende kumfukua jirani. Kweli, na majirani ndio huokoa wengi, kabla gari lolote la serikali halijawasha injini. Jedwali si la jirani. Ni la yule aliyeko Dodoma au Dar es Salaam katika saa ya kwanza, simu za Bukoba zikiwa hazipatikani, anayepaswa kuamua kama anatuma madaktari wanne au arobaini, mahema mia au elfu tano, na aelekeze wapi kwanza. Ubaya ni kwamba taarifa za mwanzo hutoka mahali penye barabara na mtandao, na kimya cha kata ya mbali huchukuliwa kuwa usalama. Namba iliyokokotolewa, hata yenye kosa la maradufu, huuliza swali kuhusu kata hiyo: hapa tunatarajia watu elfu nane katika daraja la saba, mbona hatujasikia kitu? Kwa kazi hiyo huhitaji usahihi wa karani wa benki. Unahitaji mpangilio, ipi kwanza na ipi baadaye, na mpangilio huvumilia makosa ambayo jumla haivumilii.

Wanaosema matetemeko ni machache kwetu nitawajibu kwa ufupi. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la 7.4 lilipiga eneo la Rukwa, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika katika karne nzima. Subukia, Kenya, lilipiga la 6.9 mwaka 1928. Toro, Uganda, mwaka 1966, zaidi ya watu 150 walikufa. Bonde la Ufa halijaacha kupanuka. Kilichobadilika ni sisi: sensa ya 1967 ilikuta watu milioni 12.3 Tanzania nzima, ya 2022 ikakuta 61,741,120. Jiji la Dodoma, makao makuu ya nchi yaliyojengwa jirani na tawi la mashariki la bonde hilo, lilitoka watu wapatao 411,000 mwaka 2012 hadi 765,000 mwaka 2022. Kurudiwa kwa 1910 leo, mahali palepale na kwa nguvu ileile, kungekuwa tukio jingine kabisa.

Kinachowezekana kufanywa hakihitaji mtambo mpya hata mmoja, na hapa ndipo ninapoona uzembe. Sensa ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, maeneo ya kuhesabia yakiwa yamechorwa kwa kompyuta, na pamoja nayo ilifanyika sensa ya majengo iliyohesabu zaidi ya majengo milioni 14. Mwaka huohuo operesheni ya anwani za makazi ilipita nchi nzima ikiweka namba kwenye milango. Zipo basi takwimu za watu hadi ngazi ya kitongoji na mtaa, na zipo za majengo. Zikiunganishwa mapema, kabla ya tetemeko, zinatoa ramani ambayo haikisii kibanja kwa kutazama taa: idadi ya usiku kwa kila kitongoji, na kando yake idadi ya mchana iliyojengwa kwa wanafunzi walioandikishwa kila shule, vitanda vya hospitali na siku za magulio. Mtaalamu atasema idadi ya mchana itakuwa na makosa. Itakuwa nayo, ila itakuwa na makosa machache kuliko kudhani watu wamelala saa tisa alasiri. Suala la siri za watu halina nguvu hapa, kwa kuwa kinachotakiwa ni jumla ya kitongoji, wala si majina wala nani analala na nani.

Na tetemeko likitokea, kitolewacho kwa umma kisiwe namba moja. Kitolewe kwa ukali, daraja la saba na kuendelea likiwa juu ya jedwali na la nne likiwa mwisho au lisiwepo kabisa; kila namba iwe na kiwango cha chini na cha juu; na kata zipangwe kwa jinsi zinavyotarajiwa kuumia. Najua wahariri hawapendi "kati ya 60,000 na 190,000". Watasema ni kukwepa. Lakini mkuu wa maafa anayeambiwa hivyo anajua aandae kwa kiwango cha juu na ahakiki kwa kiwango cha chini, ilhali anayeambiwa "122,000" hajui kama namba hiyo ni ya kuaminiwa au ni wastani wa mashaka mawili.

Pengo la mwisho ni la baada ya tukio, na ni la kila nchi ya ukanda huu. Viongozi wa vijiji na timu za serikali hupita wakiorodhesha nyumba zilizoanguka na zenye nyufa, kwa sababu orodha hiyo ndiyo ya msaada. Zilizosimama haziandikwi. Matokeo yake tunajua kata fulani ilipoteza nyumba mia mbili bila kujua kama ni mia mbili kati ya mia tatu au kati ya elfu tatu, na tofauti hiyo ndiyo ingemwambia mtaalamu ukali halisi ulikuwa daraja gani mahali pasipo na kifaa cha kupimia. Timu inayopita kuandika zilizoanguka ingeweza, kwa siku mbili tatu za ziada katika vitongoji vichache vilivyochaguliwa bila upendeleo, kuandika kila jengo: la udongo, la tofali la kuchoma, la bloku, lililoanguka na lililobaki, na lilikuwa na watu wangapi ndani saa ile. Kwa gharama ya posho za wiki moja, tetemeko lingetuachia uwiano wa kwetu badala ya ule wa kuazima, na kanuni zinazotabiri mtikisiko wa ardhi ya Kagera, Rukwa au Kivu zingepata mahali pa kusahihishwa hata kabla ya kituo kipya kujengwa.